Tisa Toa Nne

Kosa ambalo maelezo haya yatalifichua ni kiburi. Si kiburi cha mali wala cha nasaba, bali kile cha mtu aliyesoma, ambaye akikutana na jambo asilolijua huamua mara moja kwamba aliye mbele yake ndiye asiyejua. Nimelitaja mapema ili msomaji asije akadhani ninasimulia ujinga wa mtoto. Mtoto hakuwa na ujinga wowote. Mjinga nilikuwa mimi, na nilikuwa na cheti.

Nimefundisha hisabati kwa zaidi ya miaka ishirini katika shule ya msingi iliyo ukingoni mwa Mji wa Kale, hapa kisiwani Mombasa. Kwa asili mimi ni Mtaita, Mkristo. Nilishuka kutoka milimani nikiwa kijana, nikapanga chumba katika mtaa wa Bondeni, na Bondeni ndiko nilikozeekea. Kila asubuhi huenda kazini kwa miguu. Njiani napita milango mitatu ya vyuo, vile vyuo vya Qurani ambako wanafunzi wetu wengi huenda alasiri wakishatoka shuleni. Kwa miaka yote hiyo nilizisikia sauti za watoto zikitoka ndani, zikipanda na kushuka pamoja, lakini sikuwahi hata siku moja kuchungulia ubao wao nione kilichoandikwa. Nilijiambia kwamba huko ni kuheshimu dini ya watu. Haikuwa heshima. Sikudhani kwamba mle ndani mlikuwa na kitu ambacho mwalimu wa hisabati angehitaji kukiona.

Somo nililojivunia kuliko yote lilikuwa lile la sifa za msingi za nambari nzima: kwamba ukijumlisha au ukizidisha, mpangilio haubadilishi jibu, kwamba waweza kuanza kuunganisha popote upendapo, kwamba waweza kuigawa kazi kubwa vipande viwili na mwisho ukaviunganisha bila kupoteza kitu. Vitabuni sifa hizi zina majina mazito, na walimu wengi huyakaririsha majina hayo wakaridhika. Mimi nilikuwa nikinunua trei tupu za mayai sokoni Mwembe Tayari, zile za karatasi ngumu ya kijivu, nikaziinua mbele ya darasa.

"Safu ngapi?"

"Tano!"

"Kila safu ina vishimo vingapi?"

"Sita!"

"Vyote?"

"Thalathini!"

Kisha naigeuza trei ubavu. "Sasa safu ngapi?"

"Sita!"

"Kila safu?"

"Tano!"

"Nimeongeza kishimo?"

"Hapana, mwalimu!"

"Nimeiba kishimo?"

"Hapana, umekula mayai!" aliwahi kunijibu mmoja kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Baadaye nilichukua mkasi nikaikata trei: huku safu tano za vishimo vinne, huku safu tano za vishimo viwili. Ishirini na kumi. Bado thalathini. Watoto waliitikia, na mimi nilikuwa mwalimu wa kuridhika na itikio.

Baada ya hapo huja siku ya kuonya. Mtoto akishaonja utamu wa kugeuza, hutaka kugeuza kila kitu, kwa hiyo ni lazima aambiwe kwamba kutoa na kugawanya havigeuziki. Tisa ukitoa nne unabaki na tano. Nne huwezi kutoa tisa. Zipo nambari zilizo chini ya sifuri, na mimi nazijua, lakini gredi ya nne hazimo katika silabasi. Siku moja, kengele ikiwa karibu kulia, mtoto aliniuliza itakuwaje akikutana na hesabu ya namna hiyo. Nilimjibu, na kupitia kwake nikalijibu darasa zima: "Ukiona umeambiwa utoe kikubwa ndani ya kidogo, au ukigawe kidogo kwa kikubwa, andika sifuri, songa mbele."

Huo ulikuwa uongo. Niliusema kwa sababu ulikuwa mfupi kuliko ukweli. Na niliurudia kila mwaka, kwa sauti ya mtu anayesoma sheria.

Msichana ambaye nimeandika haya kwa ajili yake aliletwa mwanzoni mwa muhula wa pili. Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja na hakuwa amewahi kukaa kwenye dawati. Alizaliwa visiwani, upande wa Lamu, na baada ya kufiwa na wazazi alilelewa na bibi yake, mama wa baba, ambaye alimsomesha mwenyewe nyumbani: Qurani, kuandika, na hesabu kutoka katika vitabu vya Kiarabu alivyoachiwa na mumewe. Bibi naye alipofariki, mtoto akachukuliwa na ami yake, mdogo wa baba, mwenye duka la vitambaa Mji wa Kale. Nilikuwepo ofisini siku alipoletwa. Ami alikuwa mtu wa maneno machache, kofia safi, kanzu iliyopigwa pasi.

"Mwalimu mkuu," alisema, "mtoto huyu ni mrefu, wamwona mwenyewe. Nikimkalisha na wadogo wa gredi ya pili atakuwa mchezo wa mtaa. Akiweza, na asome na wenziwe. Akitoweza, nyumbani kuna kazi. Mke wangu ana pacha wa miezi mitatu."

Waliafikiana hivi: atakaa gredi ya nne muhula mmoja kwa majaribio, mwisho wa muhula atafanya mtihani wa lugha na wa hisabati, akipita atabaki, asipopita ami atamrudisha nyumbani na habari ya shule itakwisha. Mtihani wa hisabati uliachiwa mimi. Sina budi kueleza jambo hili waziwazi: kusoma au kutosoma kwa mtoto yule kulikuwa mkononi mwangu, na mimi nililijua hilo siku ile ile.

Alikaa dawati la pili, mtandio wake mweupe umebanwa vizuri chini ya kidevu. Hakuongea bila kuulizwa. Akiulizwa alisimama wima, akaangalia chini, akajibu, akaketi baada tu ya kuruhusiwa. Kiswahili alikisoma polepole, kidole kikifuata mstari, lakini kuzidisha kwake kulikuwa kwa ajabu. Nilikuwa bado natamka "saba mara nane" na jibu limeshanifikia. Kwa wiki mbili za kwanza nilimwona kuwa hidaya, na katika wiki hizo nikalifundisha lile somo la trei pamoja na onyo lake la sifuri. Ndipo nilipoandika ubaoni, kwa mstari mmoja wa mlalo, tisa, alama ya kutoa, nne, alama ya sawasawa, na nikamwelekezea chaki.

"Wewe. Jibu."

Alisimama. Aliuangalia ubao muda mrefu. "Sifuri, mwalimu."

Darasa lilicheka. Nilinyamaza ili aibu imfundishe. "Angalia tena. Umeona vizuri?"

"Naam, mwalimu."

"Ngapi?"

"Sifuri."

"Bi Sifuri!" mvulana mmoja akatamka, na jina likamganda papo hapo. Nilipaswa kumkemea. Nilitabasamu. Nilimwita mwenzake wa dawati, naye akajibu tano, na wenzake wakampigia makofi. Msichana aliinua macho akauangalia ubao, kisha akaniangalia mimi, akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza neno. Halafu akalimeza neno hilo, akaketi. Katika malezi aliyolelewa, mtoto hamhoji mwalimu. Mimi nilisoma katika uso ule ukaidi. Katika dakika zote zile, hesabu yenyewe sikuisoma kwa sauti hata mara moja. Laiti ningaliitamka, pengine yote yaliyofuata yasingalitokea.

Kuanzia hapo mambo yalizidi kunichanganya. Madaftari ya kazi za nyumbani yalikuwa na hesabu za wima, nambari juu ya nambari, na hizo alizifanya bila kosa. Hesabu za mlalo nilizoandika ubaoni, zile za kutoa na za kugawanya, alizijaza sifuri kutoka juu hadi chini. Mtu mnyenyekevu angaliona hapo kwamba kuna kitu cha kuulizwa. Mimi niliona hila. Nilijiambia kwamba nyumbani kuna anayemfanyia.

Mtihani wake ulikuwa na maswali ishirini, yote ya mlalo, kwa sababu hivyo karatasi huwa fupi. Kumi ya kujumlisha na kuzidisha, kumi ya kutoa na kugawanya. Nilisahihisha nikiwa peke yangu darasani mchana wa Ijumaa, watoto wengi wakiwa wameshakwenda. Kumi za mwanzo zote zilikuwa sahihi, pamoja na moja niliyoiweka kwa makusudi ili imshinde. Kumi za mwisho zilikuwa sifuri kumi, zimeandikwa kwa mwandiko safi wa mtu asiye na shaka.

Nilikaa na karatasi ile, nikafikiri kwa namna niliyoiita fikira. Anayejua kumi na mbili mara kumi na tano, nilisema, hawezi kushindwa na tisa kutoa nne. Basi kuzidisha si kwake. Amechukua kwa jirani. Sikujiuliza kwa nini mwizi aibe nusu ya karatasi na aache nusu nyingine ambayo jirani aliifanya vizuri vilevile. Nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Niliandika juu ya karatasi: Amenakili. Chini yake nikaandika alama: hakuna.

Jumatatu aliitwa ofisini pamoja na ami yake. Alikuwepo mwalimu mkuu, karani wa shule, mwalimu wa darasa, na mimi. Mwalimu mkuu alimwuliza mtoto kwa upole, "Uliangalia karatasi ya mwenzako?"

Mtoto aliangalia chini.

"Mwalimu wako amesema uliangalia. Ni kweli?"

Kimya. Sasa najua kwamba alikuwa amewekwa baina ya mambo mawili yasiyowezekana: kukubali uongo, au kusema mbele ya watu wazima kwamba mwalimu wake ni mwongo. Nilitangulia kusema mwenyewe: "Kunyamaza kwake ni jibu."

Ami alisimama. Hakupandisha sauti. "Mama yangu alimlea mtoto huyu hakuwahi kumpata na sukari ya kuiba," alisema. "Leo ameitwa mwizi, na mimi nipo. Haya. Tumeshukuru." Alimshika mkono wakatoka. Mtoto hakugeuka nyuma. Karani alifuta jina lake katika rejista kabla ya saa ya chai.

Wiki ya kwanza ya muhula wa tatu nilitoka shuleni alasiri nikaenda katika chuo kimojawapo cha vile ninavyovipita, nikiwa na hasira ya haki. Watoto walikuwa wakija na kazi za nyumbani nusunusu, nami nilikwisha kuamua kwamba chuo ndicho kinachowala muda na kuwazoesha kukariri. Mkobani nilikuwa na ile karatasi ya mtihani. Niliibeba kama wakili abebavyo kielelezo: nilitaka kuonyesha jinsi mtoto aliyelelewa kwa kukariri anavyoishia kunakili. Mtoto mwenyewe hakuwa wa chuo hicho. Alikuwa wa mtaa huo tu. Hilo halikunizuia.

Mwenye chuo ni mwanamke wa rika langu, anayesomesha wasichana katika sebule ya nyumba ya marehemu baba yake. Nilimkuta amewaruhusu wanafunzi, anafuta ubao mweupe kwa kipande cha leso kuukuu. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja.

"Hodi."

"Karibu. Vua viatu, mwalimu, uketi. Masalkheri."

Nilishangaa kwamba ananijua. "Masalkheri. Hali yako?"

"Alhamdulillahi. Miaka yote wapita hapo mlangoni kama mwenye kufukuzwa. Leo umeingia, patakuwa pana jambo."

Nililieleza jambo hilo kwa urefu, kwa maneno mazuri. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono magotini.

"Umekwisha?"

"Nimekwisha."

"Basi nipa hiyo karatasi."

Aliishika karibu na miwani akaisoma kimya. Niliona kidole chake kikitembea juu ya mistari, na sikuona kitu. Akaisoma tena. Alipoinua uso nilidhani ananionea haya kwa ajili ya mtoto.

"Mtoto huyu hakunakili," alisema. "Wala hakukosa hata moja."

"Kumi amekosa, bibi. Ziko hapo."

"Njoo ukae upande wangu. Hapo mbele huoni. Haya, angalia kidole changu. Naanza wapi?"

Kidole kilikuwa upande wa kulia wa mstari.

"Vitabu alivyosomea mtoto huyu vyasomwa kutoka huku," alisema, "na hesabu zake ni hivyo hivyo. Nambari moja moja husomwa kama zenu, ishirini ni ishirini. Lakini hesabu yenyewe yaanzia kulia. Hapa kwako, yeye amekuta pahali pa jibu pametangulia, akaona labda ndiyo desturi ya shule. Kisha akakuta nini?"

"Nne," nilisema.

"Kisha?"

"Toa. Tisa."

"Nne toa tisa. Wewe, mwalimu, huwaambiaje watoto wakikuta nne toa tisa?"

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa maji, madumu yakigongana. "Huwaambia waandike sifuri," nilisema.

"Naye ameandika nini?"

Niliziangalia zile sifuri kumi.

"Alikuwa yuwakutii," alisema yule mwanamke, na akanirudishia karatasi.

Yaliyobaki hakuna aliyehitaji kunieleza. Kumi za mwanzo hazikumponza, kwa kuwa tano na sita ni kumi na moja kutoka upande wowote utakaosoma, na kumi na mbili mara kumi na tano haijali umeanzia wapi. Ile sifa niliyoifundisha kwa madaha ndiyo iliyoficha namna yake ya kusoma. Na mahali sifa ilipokoma, ndipo namna yake ilipojitokeza, kwa unadhifu wa ajabu, sifuri kumi zote kwa mkupuo. Na hesabu za wima hazina kulia wala kushoto pa kuanzia. Ndiyo maana hakuzikosa. Hakuna mtu kisiwani aliyepaswa kuisoma karatasi ile kwa urahisi kuliko mimi. Ilikuwa ni somo langu mwenyewe nimeandikiwa.

"Lakini maneno ya Kiswahili anayasoma kutoka kushoto," nilisema, nikitafuta pa kushika.

"Herufi zenu alifundishwa zaanza wapi. Hesabu hakuna aliyemwambia. Mimi nilipigwa kwa hili hili, nikiwa mdogo kuliko yeye. Fimbo za mkononi. Mara ya tatu nikamwambia baba sitaki shule."

"Na hukuwahi kumwambia mwalimu?"

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Kumwambia nani? Mwalimu huulizwa?"

Asubuhi yake nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinisikiliza, akakiri kwamba ni jambo la kusikitisha, akasema kwamba muhula umekwishafungwa, jina limekwishafutwa, na kwamba mzazi mwenyewe ndiye aliyemwondoa mtoto. Nilimwomba aniruhusu niseme mbele ya gwaride la Jumatatu kwamba nilimsingizia mwanafunzi. Alishusha sauti. "Mwalimu, ukisema hivyo mbele ya watoto mia kadhaa, kesho kila mzazi atakuja na karatasi yake. Utaivunja shule kwa ajili ya dhamiri yako?" Nilimwambia kwamba shule inayovunjika kwa neno la kweli imekwishavunjika. Alinitazama kwa uchovu, akarudi kwenye faili zake. Maneno yangu yalikuwa mazuri. Hayakumrudisha mtoto hata hatua moja.

Darasani, ambako hakuna wa kunizuia, nilisema. Niliwaeleza gredi ya nne jambo zima, nikawaandikia ubaoni, nikawaonyesha kwa kidole. Nilitazamia watashtuka. Walinisikiliza kama wanavyosikiliza habari za hali ya hewa.

"Kwa hivyo Bi Sifuri alipita?" aliuliza yule mvulana aliyempa jina.

"Usimwite hivyo. Alipita. Alipata zote."

"Zote ishirini? Kuliko mimi?"

"Kuliko wewe."

"Atarudi?"

"Sijui."

"Mwalimu," akasema msichana aliyekaa dawati moja na yule aliyeondoka, "kumbe ile sifuri ni uongo? Nne toa tisa?"

Nikasema ni uongo. Nikasema kwamba niliwadanganya kwa kutaka urahisi. Hapo ndipo waliposhtuka; waliangaliana, na mmoja akafungua daftari lake akaanza kufuta, ukurasa baada ya ukurasa, akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa. Nilimwambia aache. Hakuniangalia. Nilielewa kwamba tangu siku hiyo watakuwa wakiyapima maneno yangu. Na sikuweza kujiambia kwamba hawana haki.

Jioni hiyo, baada ya sala ya alasiri na kabla ya magharibi, nilimkuta ami kwenye baraza ya nyumba yake. Nilimweleza. Nilimwonyesha karatasi, nikamsomea mstari wa kwanza kutoka kulia. Alielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi, kwani na yeye alisomea kwa mama yule yule.

"Nimefahamu," alisema. "Ahsante kwa kuja. Lakini wajua, mwalimu, mwizi ulimwita ofisini, watu wanne wasikia, na karani akaitia habari mtaani kabla sijafika nyumbani. Sasa wasema si mwizi hapa, mimi na wewe na paka."

"Nimelisema darasani. Nimeomba kulisema mbele ya shule nzima, nimekatazwa."

"Nakuamini. Na waliokukataza, ndio niwarudishie mtoto?"

Nilimwomba jambo moja tu, kwamba aniruhusu nimwombe radhi mtoto mwenyewe. Alifikiri, akaita ndani. Msichana alitoka amembeba mmoja wa wale pacha begani. Alikuwa amekonda, au labda ni kwa kuwa sikuwa nimewahi kumwangalia sawasawa. Alinisalimu kwa adabu ile ile. Nilimwomba radhi kwa maneno machache, kwa mara ya kwanza maishani mwangu bila kutafuta maneno mazuri. Alinisikiliza macho chini, akimpigapiga mtoto mgongoni.

Kisha, kwa kutaka kumwonyesha kwamba sasa namwelewa, nilifanya lile nililopaswa kulifanya miezi iliyopita. Niliisema kwa sauti, polepole, upande sahihi.

"Tisa toa nne?"

Aliinua macho akaniangalia usoni, moja kwa moja, kwa mara ya pili tu tangu tujuane.

"Wataka iwe ngapi, mwalimu?"

Hakuwa akinidhihaki. Ningalifarijika kama angalikuwa akinidhihaki. Alikuwa akiuliza kwa dhati, kama mhudumu anavyouliza mteja, na angalinipa nambari yoyote ambayo ningeitaja. Mtoto aliyekuja kwangu akijua kwamba saba mara nane ni hamsini na sita, apende asipende mtu, nilikuwa nimemfundisha kwamba jibu ni la mwenye kalamu nyekundu. Hilo ndilo lililokuwa somo langu la muhula wa pili, na yeye peke yake ndiye aliyelielewa barabara.

Nilisema, "Tano." Akasema, "Tano, mwalimu," akaomba ruhusa, akaingia ndani.

Hakurudi shuleni. Mwaka umepita na wenzake wako gredi ya tano. Nimewachunguza wanafunzi wangu wa sasa mmoja mmoja, nikawauliza waliosomea nyumbani au vyuoni wanaanza kusoma hesabu kutoka wapi, na nimewapata wawili. Nawahesabu nyuma waliopita mikononi mwangu kwa miaka ishirini na zaidi, wale niliowaandikia "hajui kutoa", na nashindwa kukumbuka nyuso zao. Sitajua kamwe walikuwa wangapi. Mtu wa dini yangu angeniambia kwamba aliyetubu amesamehewa. Pengine. Lakini msamaha wa mbinguni haumkalishi mtoto kwenye dawati.

Yule mwenye chuo, bila mimi kumwomba, alivaa buibui lake akaenda kwa mke wa ami, akakaa naye jikoni siku tatu mfululizo akimsaidia na pacha, na siku ya tatu akapata ruhusa ya kumchukua msichana saa moja kila alasiri. Si shule. Hakuna cheti mwisho wake, na ami amekwisha kusema kwamba haitazidi saa moja. Humfundisha kusoma hesabu kutoka pande zote mbili, na huniambia, tukikutana mlangoni, kwamba bado kila jibu mtoto huliuliza kwanza kabla ya kulisema, lakini juzi kuna moja alilisema bila kuuliza, kisha akakataa kulibadilisha alipojaribiwa. Sikuthubutu kuuliza ni hesabu gani. Kwa mwaka mzima sijawahi kumsikia mwanamke huyo akinilaumu kwa neno hata moja. Mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, humwita Bi Maalim.